Udijitishaji wa maandiko ya kale, Kasongo na Kabambare

Udijitishaji wa maandiko ya Kasongo na Kabambare ni kazi ya kupiga picha, kuorodhesha na kuhifadhi kwa kompyuta barua, rejista, ripoti na tasnifu zinazohusu maeneo haya mawili ya kusini mwa Maniema. Maandiko si haba; yametawanyika tu. Baadhi yako Ubelgiji na Uskoti, mengine yamo katika ofisi, parokia na nyumba za watu, na maktaba za vyuo vya Maniema zina sehemu ndogo.

Andiko lililoshughulikiwa kwa ustadi mkubwa kuliko yote liliandikwa Kabambare, mji ambao mvumbuzi na mmisionari Mskoti David Livingstone aliuita Bambarre. Alikwama hapo kwa miezi mingi, miguu ikiwa na vidonda, hadi Februari 1871. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, na wino wake ulitokana na mbegu za mmea. Wino huo ulififia hata maneno yasisomeke. Kundi la wataalamu likiongozwa na Adrian Wisnicki liliumulika kila ukurasa kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata ule usioonekana kwa macho, likipiga picha kwa kila mwanga. Kwa kuwa wino wa mmea na wino wa gazeti hufyonza mwanga kwa namna tofauti, programu iliweza kufifisha maandishi ya gazeti na kuyakoleza ya Livingstone. Barua yake kutoka Kabambare ilitolewa mwaka 2010. Shajara ya safari iliyofuata mwaka 1871, yenye habari za mauaji ya sokoni katika mji wa Nyangwe ya tarehe 15 Julai, ikatoka Novemba 2011. Picha zilitolewa pamoja na maandishi yaliyonakiliwa neno kwa neno, na yeyote anaweza kuyasoma bila malipo. Kunakili huko ndiko kulikoipa kazi thamani, maana hata picha safi ya mwandiko usiosomeka haimfai mwanafunzi.

Waswahili wa Maniema nao waliandika. Kasongo ilikuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, hadi jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis lilipouteka mji tarehe 22 Aprili 1893. Kabambare ikaanguka Januari 1894. Barua za Kiarabu na za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu za zama hizo zimo katika hifadhi za Ubelgiji, na Xavier Luffin alizitolea kitabu mwaka 2020, kwa Kifaransa. Kwa fungu hili chuo cha Maniema hakihitaji skana. Kinahitaji mkataba wa kupewa nakala kamili katika diski, pamoja na katalogi ya Kiswahili. Kuambiwa kwamba picha zipo kwenye tovuti hakutoshi kwa msomaji ambaye intaneti yake ni ya simu na hununuliwa kwa megabaiti.

Kazi ya kamera inaanzia Maniema kwenyewe. Kuna karatasi za utawala wa maeneo na rejista za parokia za jimbo la Kasongo, lililoanza kama vikarieti ya kitume mwaka 1952. Kuna pia TFC (kazi za kumaliza mzunguko wa kwanza wa chuo) na mémoire (tasnifu) za wanafunzi, ambazo mara nyingi zimebaki nakala moja au mbili. Mradi wa afya wa Kasongo, ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulifuatilia watoto waliochanjwa surua, na matokeo yakatoka katika jarida la Lancet mwaka 1981. Karatasi za aina hii zitangulie, kwa sababu zinaweza kusaidia hata mpango wa afya wa leo.

Mfano wa karibu ni Fort Portal, Uganda. Huko Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan kudijitisha nyaraka za wilaya ya Kabarole. Kamera juu ya stendi, taa mbili, kompyuta na umeme wa jua vinatosha kwa barua na rejista dhaifu. Skana ya kulisha karatasi ifanye TFC zilizopigwa taipu. Kabla ya picha ya kwanza, kila jalada lipewe namba, na namba hiyo iwe jina la faili. Nakala zikae angalau mahali patatu, kwa mfano Kasongo, Kindu na nje ya mkoa. Kutegemea mahali pamoja ni hatari: hata Maktaba ya Uingereza, yenye mradi mkubwa wa nyaraka zilizo hatarini, ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2023, na huduma zake za mtandaoni zikafungika kwa miezi.

Jambo la haraka zaidi halihusu mashine. Wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ni wachache, hasa wazee na walimu wa madrasa. Wakae na wakutubi sasa, barua zikiwa mbele yao, wasome kwa sauti na kurekodiwa, na majina ya watu na vijiji yaandikwe katika katalogi kama wanavyoyatamka.