Mashimo ya Nili ya Kano



Katika mji wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, kwenye lango la Kofar Mata, yapo mashimo ya kutilia nguo rangi ambayo wenyeji husema yalianza mwaka 1498. Mafundi wake ni Wahausa Waislamu, na kazi hurithiwa baba kwa mwana.

Nili ni mmea. Rangi yake haiyeyuki katika maji matupu, hivyo huchanganywa na maji na majivu, ikaachwa shimoni siku kadhaa mpaka ichache. Nguo ikitolewa huwa ya kijani, kisha ikipigwa na hewa inageuka buluu mbele ya macho yako. (Watoto wa madrasa tukiwaeleza hili hucheka, hawaamini!) Ikirudiwa mara nyingi hukoza hadi kukaribia weusi, nayo hugongwa kwa magogo mpaka ing'ae. Mjerumani Heinrich Barth alifika Kano mwaka 1851, akaeleza kuwa nguo zake ziliuzwa hadi Timbuktu na Tripoli. Watuareg wa jangwani walizifanya vilemba, nili ikawashika mpaka ngozini.

Lakini lililotuvutia zaidi ni masalio. Tope lililobaki shimoni lilichomwa na kusagwa, likawa lipu isiyopitisha maji, ya kukandikia mashimo yenyewe na nyumba.

Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba ya India yakaporomoka. Jinzi tunazowanunulia vijana wetu hutiwa nili ya namna hiyo, na viwanda vingi huiyeyusha kwa dawa kali ya haidrosulfaiti. Sasa wapo watia rangi waliorudia wazo la zamani: sukari ya matunda na chokaa hufanya kazi ileile.

Hili linatuhusu. Akina mama wengi kwetu wanaishi kwa batiki, na maji ya mwisho humwagwa mtaroni. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Je, ndoo ya dawa?

Wala si kila rangi ya mimea ni salama. Wapo walioishikisha kwa kromiamu, nayo ni sumu. Shabu inatosha. Anayetaka kujaribu na watoto achemshe maganda ya vitunguu na shabu kidogo, atie kitambaa cha pamba, apate manjano ya kupendeza. Sufuria hiyo isipikiwe chakula tena.