Pangani, Mji wa Mlango wa Mto

Maji yanayopita mbele ya nyumba za kale za Pangani yametoka mbali. Yameanzia Kilimanjaro na Meru, yakakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakauambaa mguu wa Usambara, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, ndipo yakaingia Bahari ya Hindi baada ya mwendo wa kilomita 500 hivi. Bonde hilohilo ndilo lililofuatwa na misafara ya karne ya 19. Maporomoko hayakuruhusu vyombo kupanda mbali, kwa hiyo watu walikwenda kwa miguu, mto ukiwapa maji ya kunywa. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Pembe za ndovu zikateremka, pamoja na watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita hapa wakielekea Vuga, kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Usambara.

Kutoka Tanga ni kilomita 50 hivi, safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Anayefuata njia ya pwani asikose kusimama Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa ya nguzo. Karibu na hapo, kwenye mafungu ya Mtangata, jahazi la Vasco da Gama liitwalo São Rafael lilipanda mwamba mwaka 1498. Mwaka uliofuata, katika safari ya kurudi, Wareno walilichoma moto papo hapo, maana mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuliendesha.

Lakini safari yenyewe ni Pangani. Kwa maoni yangu, hakuna mji mdogo kama huu katika pwani yote ya Mrima uliobeba mambo mazito kiasi hicho ndani ya miaka michache. Kati ya 1888 na 1893 yalianza hapa mambo mawili yaliyoibadilisha nchi nzima: vita vya kuwapinga Wajerumani, na kilimo cha mkonge. Na bado wengi wetu huupita tukiwahi ufukwe.

Tembea kwanza barabara inayofuata mto. Lipu imebanduka kwenye kuta, na ndani yake yanaonekana mawe ya matumbawe, vijitundu vyake vikiwa vimejaa chokaa ya zamani. Juu, pale dari ilipobomoka, vichwa vya boriti za mikoko vimechomoza ukutani, vyeusi, vimepangwa kwa nafasi sawa. Vyumba ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Milango kadhaa ina nakshi bado. Boma la zamani, ambalo inasemekana lilijengwa na mfanyabiashara wa Kiomani mwanzoni mwa karne ya 19, Wajerumani walilifanya makao yao, na hata baadaye liliendelea kuwa ofisi za serikali. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo liwe imara. Kisa hicho kimekaa midomoni mwa watu kwa vizazi, na kinatosha kuonyesha jinsi wanavyoikumbuka biashara ile.

Fedha zilizojenga nyumba hizi hazikutoka kwenye pembe peke yake. Kandokando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu, na sukari guru ikisafirishwa nje kwa majahazi. Waliokata miwa ile na kuisaga walikuwa watumwa. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini, lakini shambani jembe lilibaki mikononi mwa walewale.

Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim, mtoto wa baba Mwarabu na mama Mworomo. Watu walimwita Bushiri.

Aprili 1888 Sultan Khalifa aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilitakiwa kukusanya ushuru na kutawala kwa jina la Sultani. Mwezi wa Agosti Emil von Zelewski akafika Pangani kuchukua madaraka, naye hakuwa na subira wala adabu. Liwali alipokataa kutii, wanamaji wa manowari ya Kijerumani waliteremka, na bendera ya Sultani ikashushwa kwa nguvu. Siku zile zilikuwa za Idi Kubwa. Inasimuliwa kwamba Wajerumani waliingia msikitini na viatu miguuni, na mbwa nyuma yao. Septemba mji ukawaka, na punde Bushiri akawa kiongozi wa mapambano. Maofisa wa kampuni walizingirwa nyumbani mwao, hata ikabidi Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani, aje kuwatoa.

Ni rahisi kusema kwamba wote waliinuka kwa nia moja, lakini sivyo ilivyokuwa. Wenye mashamba walitetea mali yao, na watumwa walikuwa sehemu ya mali hiyo. Wenye mji walitetea heshima na ushuru wao. Wapagazi na watu wa bara waliomiminika na bunduki zao walikuwa na hesabu nyingine, na mara kwa mara walikataa kuamriwa na wakubwa wa mji. Namheshimu Bushiri kwa ujasiri wake. Namkumbuka vilevile aliyekata miwa ya Bushiri. Anayeeleza historia ya Pangani bila mmoja wao ameieleza nusu.

Miongoni mwa waliotekwa na watu wa Bushiri mwaka ule walikuwa wasafiri wa Ulaya Hans Meyer na Oscar Baumann, wakiwa njiani kurudi pwani. Walifungwa minyororo mpaka fidia ilipolipwa. Meyer akarudi tena mwaka uliofuata, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kilele cha Kibo cha Kilimanjaro, mlima uleule unaoupa mto wa Pangani maji yake.

Wakati huo Bushiri alikuwa anawindwa. Kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann alikuwa ameleta askari wa kukodi, Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, na Pangani ikaanguka Julai 1889. Bushiri alijaribu kuendeleza vita bara, akaishambulia Mpwapwa, mwisho akasalitiwa. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani akapigana mpaka mwaka uliofuata. Zelewski naye hakuishi sana: Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliviangamiza vikosi vyake na kumuua. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi vita hivi vya Mrima, na nadhani ungefaa kusomwa katika kila shule ya sekondari ya mkoa wa Tanga.

Jambo la pili, mkonge, liko ng'ambo. Panda kivuko uende Bweni. Ni dakika chache tu pamoja na wenye baiskeli, magunia na ndoo za samaki. Kusini ya mto ndiko iliko Kikogwe. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ileile, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge. Maelfu ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali kuukata.

Mwaka huohuo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli, lakini waliianzia Tanga, wala si Pangani. Mlango wa mto una fungu la mchanga linalozuia meli kubwa, na Tanga ina bandari ya kina. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911, njia ya misafara ilikuwa imekwisha kazi. Majahazi yaliendelea, na ofisi ya forodha pia: Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, alifanya kazi hapa.

Siku hizi maji ya mto yamepungua kwa mabwawa na umwagiliaji wa juu, na maji ya chumvi yanapanda mbali zaidi kuliko zamani, yakiharibu minazi na mashamba ya kingoni. Miaka ya karibuni imeanza pia kazi ya barabara ya pwani ya Tanga hadi Bagamoyo, pamoja na daraja kubwa la kuvuka mto. Nalifurahia daraja hilo kwa ajili ya wagonjwa na wafanyabiashara wa Bweni. Ila magari yatapita kwa kasi, na nyumba za mtoni haziwezi kungoja. Mafundi wa mawe na chokaa bado wapo Unguja na Lamu, wanaweza kualikwa. Kazi ianze na mapaa, maana ukuta wa matumbawe ukishakosa paa, masika mawili matatu yatosha kuulaza chini.