Heliamu ya Rukwa: kampuni ya kigeni inawajibika vipi kwa watu wa Ivuna?

Desemba 16, 1938 jiwe kutoka angani lilianguka Ivuna. Tusilichanganye na Kimondo cha Mbozi, lile dude la chuma linalotembelewa na watalii pale Ndolezi. Hili la Ivuna lilikuwa dogo; vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705. Lakini ni la aina adimu mno, na wanasayansi wameliita kundi zima la vimondo vya aina hiyo kwa jina la Ivuna. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London ilinunua kipande kikubwa kilichokuwa mikononi mwa mtu binafsi nchini Marekani. Muuzaji alikuwepo, mnunuzi alikuwepo. Ivuna haikuwa upande wowote.

Safari hii kinachotafutwa kiko chini ya ardhi. Chemchemi za Ivuna, ambazo wazee walichemsha maji yake kupata chumvi kwa karne nyingi, ziko katika bonde ambalo gesi ya heliamu hupenya kutoka kwenye miamba. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walikadiria kuwa sehemu moja ya Rukwa ina futi za ujazo bilioni 54. Mwanzoni mwa 2024 kampuni hiyo ilichimba kisima Itumbula na kuipata. Heliamu si ya maputo tu. Ikiwa kimiminika hupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini, na viwanda vya vifaa vya kielektroniki vinaihitaji. Ndiyo maana watu wa mbali wana haja na Momba.

Hisa za kampuni hiyo huuzwa kwenye soko la London. Sheria za masoko humlazimisha mwenye kampuni kutangaza haraka jambo lolote kubwa, kwa hiyo matokeo ya kisima cha Itumbula humfikia mwenye hisa wa Uingereza akiwa anakunywa chai yake ya asubuhi. Mkulima anayeishi karibu na kisima anasubiri mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kwetu sisi, maadili ya biashara ya kimataifa yanaanzia kwenye pengo hilo la taarifa, kabla hata ya kuzungumzia fedha.

Wengi wetu tukisikia "wajibu wa kampuni kwa jamii" tunawaza madawati, jezi za timu ya kata na picha ya makabidhiano. Zamani ndivyo ilivyokuwa, kampuni ilitoa ilichopenda na wanakijiji wakapiga makofi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalibadili jambo hilo. Sheria hiyo inamtaka mwenye haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji na kukubaliana na halmashauri husika. Mpango huo hufuata vipaumbele vya halmashauri, kwa kuzingatia mazingira, uchumi, jamii na utamaduni wa wenyeji. Halmashauri inatakiwa kutunga miongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Kama kipaumbele ni maji, kampuni haiwezi kuamka asubuhi na kuleta mipira.

Usichanganye mpango huo na malipo mengine. Mrabaha unakwenda serikali kuu. Serikali pia ina hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni ya uchimbaji, bila kuzilipia. Ushuru wa huduma unaingia halmashauri. Na anayeondolewa kwenye shamba lake anadai fidia, ambayo Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Hapa ndipo ujanja unaweza kuingia popote pale duniani: zahanati ikijengwa kijijini, mwenye shamba akaambiwa hiyo ndiyo fidia yake. Sivyo. Zahanati ni ya wote, shamba lilikuwa lake.

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa nao uliridhia kanuni kuhusu biashara na haki za binadamu. Zinasema kampuni inatakiwa kuheshimu haki za watu hata pale ambapo serikali imelegea, na aliyeumizwa awe na mahali pa kupeleka malalamiko. Kanuni hizo hazina mahakama yake, kwa hiyo sisi tunaitegemea zaidi sheria ya nyumbani.

Mwananchi wa Itumbula akisimama kwenye mkutano na kuuliza mpango wa mwaka huu una nini, umegharimu kiasi gani na nani aliukubali, hapekui siri za kampuni. Anauliza kuhusu mpango ambao halmashauri yake mwenyewe ilikaa mezani kuukubali.