Alama ya Legendre

Alama ya Legendre ilitungwa na mwanahisabati wa Ufaransa, Adrien-Marie Legendre, katika kitabu chake cha elimu ya namba cha mwaka 1798, ili ijibu kwa mkato swali hili: ikiwa p ni namba tasa iliyo witiri, na a ni namba kamili yoyote, je, uko mraba ambao ukigawanywa kwa p husaza baki lile lile lisazwalo na a? Ukiwapo, alama, iandikwayo (a/p), huwa 1. Usipokuwapo, huwa −1. Na a yenyewe ikigawanyika kwa p pasi na baki, huwa 0. Tukitwaa 7, miraba ya 1, 2 na 3 husaza 1, 4 na 2, na miraba ya 4, 5 na 6 huyarudia mabaki yayo hayo kinyumenyume. 3, 5 na 6 hazipatikani kamwe.

Lakini utukufu wa alama hii umo katika kanuni ifungayo namba tasa mbili witiri zilizo mbalimbali, p na q: (p/q) na (q/p) ni sawa daima, ila pale ambapo zote mbili, zikigawanywa kwa 4, husaza 3, ndipo zinapohitilafiana. Hivyo 5 na 11 hukubaliana, bali 3 na 7 hukataana. Ni jambo la ajabu kweli, kwani mtu akiitazama miraba ya q haoni sababu yoyote ya mabaki yake kuwa na habari za p. Mwanahisabati Euler aliitambua kanuni hii bila ya kuithibitisha; Legendre aliitolea burhani mwaka 1785, nayo ikawa na pengo, kwa kuwa ilitegemea kuwapo kwa namba tasa za sifa fulani ambazo hakuonyesha kuwa zipo. Burhani timamu ilipatikana Aprili 1796 kwa Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani, kijana ambaye hajatimiza miaka 19, aliyeichapisha mwaka 1801, akaiita nadharia ya dhahabu, na kwa mapenzi aliyokuwa nayo juu yake akairudia kwa njia nyingine hadi zikatimia nane.

Mwanahisabati Jacobi aliipanua alama mwaka 1837 ili ipokee chini yake namba witiri yoyote iliyo chanya, hata isiyo tasa, kwa kuzidisha alama za vigawo vyake tasa. Hapa yapasa hadhari: (2/15) ni 1, kwa kuwa (2/3) na (2/5) zote ni −1, ilhali hapana mraba hata mmoja usazao 2 ukigawanywa kwa 15.