Rudi Shamba: Waliopelekwa na Wanaokwenda Wenyewe

Jumamosi moja mwezi Juni niligeuka kuli. Rafiki yangu, tuliyebanana naye chumba kimoja cha hosteli pale Mlimani kwa miaka mitatu, alikuwa anahama Dar. Hahamii Dodoma kuifuata serikali kama wengine. Anahamia shamba, yeye na mkewe. Wameoana mwaka mmoja tu uliopita, na zawadi nyingine za harusi zilikuwa bado kwenye maboksi yake. Tulipakia kwenye fuso godoro, jiko la gesi, friji ("umeme upo," aliniambia kabla sijauliza), magunia mawili ya vitabu, na sofa lililogoma kutoka mlangoni. Shemeji akasema liachwe. Mwenzake akasema haliachwi. Likatoka, na rangi ya mlango ikatoka nalo.

Tulipokuwa tunafunga turubai akapita mzee mmoja wa mtaa ule. Akasimama, akalitazama fuso, akatutazama sisi vijana, akauliza: "Nguvu Kazi hii?" Kisha akacheka mwenyewe na kwenda zake. Rafiki yangu hakuelewa. Shemeji hakuelewa. Mimi nilijifanya nimeelewa, maana mwandishi wa habari haruhusiwi kutoelewa kitu mbele za watu. Jumatatu nikaenda maktaba kuchimba.

Nilichokuta ni kwamba mji huu una desturi ya zamani sana ya kuwaambia vijana warudi walikotoka. Waingereza walianza mapema. Mtu asiye na risiti ya kodi ya kichwa, asiye na mwajiri, asiye na anwani, aliweza kuokotwa usiku na kurudishwa kwao. Mwaka 1944 wakaitungia shughuli hiyo sheria ya kuwaondoa mijini "wenyeji wasiotakiwa". Neno lililotumika mitaani na maofisini lilikuwa letu wenyewe: wahuni. Leo ukimwita mtu mhuni anaweza akakurukia, au akacheka akidhani unamsifu, inategemea na mtaa. Zamani mhuni alikuwa mtu anayetangatanga bila makao, na hata mtu asiyeoa au kuolewa aliweza kuitwa hivyo. Fikiria basi: kijana hana mke kwa sababu hana kazi, hana kazi kwa sababu ndio kwanza kaingia mjini, halafu anafukuzwa mjini kwa kuwa hana vyote viwili.

Na haikusaidia. Sensa ya 1957 ilikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika 130,000. Sensa ya 2022 ilitukuta 5,383,728. Miaka yote hiyo katikati, kuna mtu alikuwa anatangaza kwamba mji umejaa.

Lakini kuna wawili waliohama mjini bila kupakiwa kwenye lori, na habari yao imenikaa kichwani kuliko sheria zote. Machi 1955 mwalimu mmoja wa sekondari ya Pugu, nje kidogo ya mji, alirudi kutoka New York alikokwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Akatakiwa achague, siasa au ualimu. Akaacha ualimu. Yeye alikuwa anakaribia miaka 33, mkewe alikuwa na 24, na walikuwa na watoto wadogo. Ndoa walifunga Januari 24, 1953, kule Musoma. Mshahara umekatika, nyumba ya shule inatakiwa. Wakafungasha, wakarudi Butiama.

Ndiyo, ni Julius na Maria Nyerere ninaowasema. Tumezoea kumwona Mwalimu ameshika jembe kwenye picha za miaka ya Azimio, tukasahau kwamba alikuwa amewahi kurudi kijijini kama wanavyorudi wengi: ajira imeisha. Kule alipata kazi ya kumfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll, na kutafsiri maandiko ya kanisa kwa lugha hiyo. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo akarudi Dar kuitumikia TANU kwa muda wote. Walikaa shamba karibu nusu mwaka.

Nimesoma mengi kuhusu nusu mwaka ule, na karibu yote yanamhusu yeye: alifikiri nini, nani alimshauri, alijiandaa vipi. Maria alifanya nini miezi ile? Tunajua baadaye mjini alifungua duka dogo ili nyumba iende mbele wakati mume yuko kwenye mikutano. Butiama hakuwa kwao. Kwao ni upande wa Tarime, na pale aliingia kama mke wa mtoto wa Chifu Burito, akiwa na wanangu-wanangu mgongoni. Mume alirudi kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake katika ardhi ya baba yake, na kaka yake ndiye alikuwa chifu wakati huo. Kwa maneno mengine, alikuwa na mahali pa kurudi. Mke alikuwa na mahali pa kumfuata mume. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyatenganisha mpaka Jumapili moja Kilosa, nitakuja huko.

Uhuru ulipofika, wimbo haukubadilika sana, ila waliouimba walikuwa na sababu nzuri zaidi. Azimio la Arusha la 1967 lilisema jambo ambalo mpaka leo linawauma watu wa mjini wakilisoma vizuri: mikopo inatumika zaidi mijini, lakini wanaoilipa kwa jasho ni wakulima, na tusipoangalia sisi wa mjini ndio tutakuwa wanyonyaji. Mimi nakubaliana nalo. Tatizo ni lilikotufikisha. Novemba 1973 kuishi katika vijiji kukawa amri, na Operesheni Vijijini ikahamisha mamilioni. Huku Dar wasio na kazi wakawa wanasombwa kwenda mashambani, mara kwa jina hili, mara kwa lile.

Baadhi yao walipelekwa Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, kijiji cha ujamaa cha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina ni Kizaramo: jaribu uone. Nilikwenda huko kikazi kuandika habari za viwanja. Tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, watu wa mjini wanakimbilia upande ule kununua. Pale walipopelekwa wasio na kazi ili wakalime, wenye kazi sasa wanaweka uzio na geti. Nilimwuliza dalali kama anajua maana ya jina la mahali anapopauza. Akasema anajua bei.

Sasa tuje kwenye Nguvu Kazi ya yule mzee. Ni sheria ya mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Edward Sokoine. Kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika, mamlaka ziwe na daftari la wakazi, na asiyetambulika apelekwe kwenye kazi, na kazi maana yake ilikuwa shamba. Miezi ya mwisho ya mwaka ule msako ulipita Dar. Muuza karanga, mpiga viatu rangi, kijana wa kusukuma mkokoteni, wote hawa wanaotoka alfajiri na kurudi usiku, walihesabiwa kuwa hawana kazi. Maduka yalikuwa matupu, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, mshahara wa aliyeajiriwa haukufikisha mwezi, na ni biashara hizohizo zilizokuwa zinalisha nyumba nyingi, zikiwemo za waliokuwa wanakamata. Bajeti ya 1984/85 ikaanza kulegeza biashara, na msako ukapoa. Waliosombwa wengi walikuwa wamesharudi.

Jinsi walivyorudi nilisimuliwa na mtu aliyewaona. Wiki tatu baada ya kuwapakiza wale marafiki zangu, nilipanda treni ya SGR mpaka Kilosa, kisha pikipiki, mpaka kijijini kwao upande wa Ukaguruni. Mjomba wa rafiki yangu mwaka 1983 alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge. Anakumbuka lori likishusha watu wa Dar, wengine wamevaa viatu vya kwendea dansi. "Tuliwaonea huruma," akasema. "Mkonge unachoma, na wao hakuna aliyewaambia." Wiki ya kwanza waliuliza chakula. Wiki ya pili waliuliza njia ya stesheni. Wawili walibaki, na mmoja wao alioa hapohapo na kuzaa. Nilimwuliza kwa nini huyo alibaki. Akanitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Alipewa shamba na wakweze."

Hapo shemeji, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akainua kichwa.

Nieleze kidogo. Wakaguru, kama majirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Rafiki yangu ameahidiwa ekari nne za kulima ufuta na mahindi, na mwenye kauli juu ya ekari hizo ni mjomba huyu, kwa sababu ni ardhi ya ukoo wa mama yake. Shemeji kwao ni Moshi. Kakulia kwenye kihamba, ambako anajua wazi kwamba cha baba huenda kwa mtoto wa kiume. Alikuja akiwa amejiandaa kwa vita ya baba mkwe, akakuta baba mkwe hana neno. Kwa mila ya huku, anayerithi ukoo si mtoto wa mwanamume bali mtoto wa dada yake. Maana yake hata watoto atakaowazaa yeye watakuwa wageni kwenye ekari zile.

Jioni tulikaa barazani, sisi watatu, kwenye lile sofa. Halikuingia mlango wa huku pia. Shemeji akaniuliza, si mumewe, mimi: "Shem, wewe unayesoma sana. Nimeacha kazi benki. Hela ya kiinua mgongo ndiyo tumenunulia mbegu na pampu. Huyu akifa kesho, mimi nasimama wapi?" Rafiki yangu akasema, "Sasa kufa kumetoka wapi?" Shemeji akasema, "Sijakuuliza wewe."

Nilimpa nilichokuwa nacho. Mwaka uleule wa 1983, wakati msako unatafuta nani anafanya kazi na nani hafanyi, Mahakama ya Rufani ilikuwa inaamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mke aliyeachika, ambaye hakuwa na ajira, alikuwa anadai sehemu ya mali ya ndoa. Mahakama, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Nchi ileile, mwaka uleule: mtaani muuza karanga si mfanyakazi, mahakamani anayepika ugali ni mfanyakazi. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilitosha kuwa fungu lake. Lakini hoja ilisimama, na imekuwa ikitajwa mahakamani tangu hapo.

Halafu kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Mtu anaweza kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ukaridhia, na hati ya hakimiliki ya kimila ikaandikwa majina mawili. Shemeji akaniambia nirudie hapo kwenye majina mawili. Nikarudia.

Rafiki yangu alinyamaza muda mrefu. Baadaye, tukiwa wawili, akaniambia nimemletea ugomvi nyumbani. Akasema ardhi ya ukoo haiombwi kwa fomu, unapewa kwa kuaminiwa, na kwamba ukimwekea mjomba karatasi mbele umemwambia humwamini. Sikuwa na jibu zuri. Ana haki. Bila mjomba hakuna hizo ekari wala hiyo safari, wangekuwa wangali kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara. Mkewe naye ana haki, na pampu ni yake.

Asubuhi shemeji hakugusa ekari nne. Aliandika barua ya kuomba ekari nyingine mbili, za kijiji, nje kabisa ya eneo la ukoo, kwa majina yake na ya mumewe. Akaenda nayo kwa mjomba kwanza, kwa mikono miwili, akapiga goti. Mjomba aliisoma mara mbili huku miwani imeshuka puani. Akasema, "Mwanangu, watu wangu huku hawana haraka. Tuvune kwanza."

"Sawa mjomba," akasema shemeji. "Na mkutano wa kijiji ni lini?"

"Septemba."

Ameniomba niende. Nimeshaomba ruhusa kazini.