Kiboko, Mamba na Madubwana wa Ayubu

Behemothi na Lewiathani, madubwana wawili wa kitabu cha Ayubu, wana sifa ambazo mkazi wa Ngao au Garsen hahitaji kusimuliwa. Mmoja hula majani na kujilaza kwenye matete. Mwingine ana magamba yasiyopenyeka. Huko kwao, katika delta ya Tana, kiboko hutoka majini usiku kuvamia mpunga na mahindi, na mamba humvizia anayeteka maji ukingoni.

Mwaka 1663 Mfaransa Samuel Bochart alichapisha kitabu kikubwa cha wanyama wa Biblia, akashikilia kwamba Behemothi na Lewiathani ni kiboko na mamba. Tafsiri hiyo ilienea mno. Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 inasema waziwazi kiboko na mamba katika Ayubu, ila katika Isaya 27 lewiathani amebaki na jina lake.

Wachoraji hawakuridhika na wanyama wa mtoni. William Blake alichonga mwenyewe kwenye mabamba ya shaba michoro ya Ayubu iliyotolewa London mwaka 1826. Katika mmoja, Mungu anaelekeza mkono chini, na ndani ya duara amesimama Behemothi: mwili mnene wa kiboko, ngozi kama deraya, masikio kama ya binadamu. Chini yake Lewiathani amejiviringa majini, akifanana na nyoka zaidi kuliko mamba. Masikio hayo yasimshangaze mtu, kwani Blake hakuwa na kiboko hai wa kumtazama: kiboko aliyeitwa Obaysch alifika London mwaka 1850, Blake akiwa amekufa tangu 1827.

Gustave Doré alikwenda mbali zaidi. Katika Biblia yake ya mwaka 1865, michoro ilichorwa juu ya mbao na kukatwa na mafundi wengine. Lewiathani wake ni joka la baharini linalojipinda kati ya mawimbi meusi, na juu yake Mungu ameinua upanga katika mwanga uliopasua mawingu. Mchoro huo ni wa Isaya, si wa Ayubu. Wafasiri wengi wa Isaya huliona joka hilo kuwa ishara ya dola zilizowaonea Waisraeli.

Hata hivyo tafsiri ya Bochart haitoshi kueleza moto unaotoka kinywani mwa mnyama wa Ayubu 41, jambo lisilojulikana kwa mamba yeyote wa Tana. Maandishi ya udongo yaliyoanza kufukuliwa Ugarit, Siria, mwaka 1929 yanamtaja Lotani, anayehusishwa na Lewiathani, nyoka mwenye vichwa saba aliyeuawa katika visa vya mungu Baali. Kwa asili hiyo, joka la Doré liko karibu na kisa cha kale kuliko mamba wa Bochart.