Filamu Kubwa ama Dijitali: Kamera Gani Itachora Kila Jiwe la Thimlich Ohinga?

Kama wewe ni msee wa kamera na unapanga kushuka Migori, pitia Thimlich Ohinga. Zile kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti ziliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Pia ni mtihani noma wa ukali wa picha, juu kila jiwe lina ufa, kona na kivuli chake. Kamera ikidanganya, utajua tu.

Sasa cheki hesabu.

Ukubwa
Filamu ya 120 kwa kamera ya 6x6 hutoa picha ya milimita 56 kwa 56. Sensa kubwa ya dijitali, ile ya saizi ya filamu ya kawaida, ni 36 kwa 24. Yaani filamu ina eneo la zaidi ya mara tatu na nusu. Ukichapisha bango, haivutwi sana, so makosa ya lenzi hayavimbi.

Skana
Hapa ndio ngori huanza. Skana ikisoma nukta halisi 2,400 kwa inchi, hiyo 6x6 inakupa megapikseli kama 28. Ukipanda hadi 4,000, unafika karibu 78, lakini hapo mara nyingi unakuza punje za filamu, si mawe. Dijitali ya megapikseli 45 kwa ISO ya chini haina hizo punje, na kwa macho ya wengi inashinda filamu iliyopita skana ya bei rahisi.

Mwanga na mtikisiko
Enda Homa Bay alfajiri, boti za omena zikirudi kutoka ziwani. Giza bado, na boti inayumba. Filamu ya ISO 100 itataka shata ya polepole, na tripodi ndani ya boti ni kazi bure. Dijitali unapandisha ISO na kusonga. Mkono ukitikisika, hata filamu kubwa aje haikuokoi.

Doo
Roli moja ya 120 ni picha 12 za 6x6, basi. Kuna kununua, kuna kusafisha, kuna skana. Ukikosa fokasi, utajua baadaye sana, na harusi ya mteja hairudiwi.

So unachukua gani?
Kazi ya kulipwa, beba dijitali. Ukuta uliotulia, tripodi na muda, filamu bado inawaka. Na picha ikienda WhatsApp tu, usijisumbue, itabanwa zote zifanane.

Kitu moja usiwahi tupa: negativu za zamani za wazazi. Picha ya karatasi ikififia, negativu iliyotunzwa mara nyingi bado inabeba sura ya guka ama dani kuliko hiyo karatasi. Usiipige na simu haraka haraka. Tafuta skana fiti, weka nakala mbili, kisha rudisha negativu mahali pakavu.